Ahadi ya mafuta na haki ya mwenye ardhi: Somo kutoka Kongwa

Kila bei ya petroli na dizeli inapopanda, huibuka habari kwamba dawa imepatikana. Safari moja dawa huwa ni miwa, safari nyingine mibono, na safari nyingine mwani. Mwani unaosemwa si ule wa Paje na Jambiani, ambao akina mama wa Unguja huufunga kwenye kamba na kuuvuna maji yakitoka. Ni jamaa yake mdogo sana, ambao mmoja mmoja hauonekani kwa macho. Tunaujua pale tu unapokuwa mwingi, maji ya lambo yanapogeuka kijani. Huo ndio chakula cha ndege heroe, wale ambao wengi wanawaita flamingo, katika Ziwa Natron na Ziwa Manyara. Baadhi ya aina zake huhifadhi mafuta ndani ya chembe zake, na mafuta hayo yakikamuliwa yanaweza kugeuzwa dizeli.

Ahadi inayotolewa juu ya mwani huu ni kubwa. Tunaambiwa kwamba hekta moja ya mabwawa yake inaweza kutoa mafuta mara kadhaa kuliko hekta ya michikichi, na mchikichi ndio unaoongoza kwa mafuta katika mimea ya shambani. Tunaambiwa hautaki shamba zuri, unavumilia maji ya chumvi, unakula hewa chafu ya viwandani, wala haugombanii ardhi na chakula cha binadamu. Unachotaka ni jua jingi na ardhi tambarare isiyofaa kwa kilimo.

Msomee maneno hayo mkazi wa Kongwa naye atadhani unaieleza wilaya yake. Jua lipo mwaka mzima. Mvua ni ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, tena ni ya kubahatisha. Kwenye ramani ya mtu aliyekaa mbali, uwanda huu wa Ugogo unaonekana kama umeumbwa kwa ajili ya kuchimbwa mabwawa.

Makala hii haisemi kwamba kuna mtu ameleta mradi huo Kongwa. Inauliza swali ambalo ni vyema liulizwe kabla hajaja: Ni nani mwenye haki ya kuahidi mavuno ambayo bado hayapo, na ahadi ikivunjika ni nani alipe? Hilo ni swali la uadilifu na la dini kabla halijawa la kitaalamu. Na Kongwa ina haki ya kuliuliza kuliko sehemu nyingi duniani, kwa sababu ilishawahi kuahidiwa mafuta.

KARANGA ZA WAINGEREZA

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Siagi ya mimea, mafuta ya kupikia na sabuni vilikuwa vya mgao. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkubwa wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, alipendekeza serikali yake ilime karanga Tanganyika kwa mashine. Ukatumwa ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyekuwa amewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Ujumbe ule ulizunguka kwa wiki chache, sehemu kubwa ya ardhi ukaitazama kutoka kwenye ndege, ukarudi na hesabu: zaidi ya ekari milioni 3, mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, gharama kiasi cha pauni milioni 24, muda miaka sita. Waziri wa chakula, John Strachey, akausimamia mpango huo kwa moyo wote. Kongwa ikachaguliwa kuwa mahali pa kuanzia, na kazi ikaanza mwaka 1947.

Lengo la mwaka ule wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 8,000. Matrekta yaliyonunuliwa katika mabaki ya vita huko Ufilipino yaliharibika moja baada ya jingine. Vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta, navyo vikashindwa na mizizi ya pori la Ugogo. Udongo ambao wakati wa mvua ulionekana laini ulikauka ukawa kama saruji, na karanga, ambayo huzaa chini ya ardhi, ikang'ang'aniwa humo humo. Kisha mvua zikakosa. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mpango ule umekwisha. Pauni milioni 36 na ushei zilikuwa zimezama, Kongwa, Urambo na Nachingwea kwa pamoja. Huko kwao neno karanga likawa la kejeli bungeni kwa miaka mingi.

Watu wengi wanaosimulia habari hii hucheka ujinga wa wazungu na kuishia hapo. Kicheko hicho kinatunyima somo. Wale hawakuwa wajinga. Walikuwa na wataalamu, fedha na mashine, na nia yao ya kuwapatia watu wao mafuta ya kula haikuwa mbaya. Walichokosa ni kumuuliza Mgogo kwa nini pori lile lilikuwa na watu wachache. Mgogo alikuwa na jibu. Alikuwa amepitia njaa ya Mtunya, iliyoua watu wengi baada ya mwaka 1917, na njaa nyingine kabla yake. Alijua mvua ya pale haina ahadi. Ndiyo maana alipanda mtama na uwele, mazao yanayostahimili ukame, na ng'ombe wake akawatawanya kwa ndugu na marafiki ili msiba mmoja usimalize zizi zima. Hiyo ilikuwa elimu ya kilimo iliyolipiwa kwa uhai wa watu. Haikuandikwa katika taarifa yoyote, basi ikahesabiwa kwamba haipo.

Na ni nani aliyelipa? Mlipa kodi wa Kiingereza alilipa pauni zake, hilo ni kweli. Lakini ziko gharama ambazo hazikuandikwa katika daftari la London. Pori lililokuwa la malisho, kuni, asali na dawa lilikwanguliwa. Vijana walioacha mtama wa baba zao kufuata mshahara waliona mshahara ukiondoka kama ulivyokuja. Mradi ulipokufa, sehemu ya ardhi ile iligeuzwa ranchi ya ng'ombe chini ya shirika la kikoloni, na baada ya uhuru ikawa ranchi ya taifa. Mpaka leo Ranchi ya Kongwa ipo. Ahadi ilikufa, lakini ardhi iliyochukuliwa kwa jina la ahadi ile haikurudi yote ilikotoka. Jambo hilo tulishike, maana tutalikuta tena mbele.

MWANI NAO UMESHAAHIDIWA

Turudi kwenye mwani. Marekani ilianza kuutafiti kwa ajili ya mafuta mwaka 1978, wakati dunia ilipokuwa imebanwa na bei za mafuta. Wizara yake ya nishati ilikusanya aina zipatazo 3,000, ikachimba mabwawa, ikapima. Mwaka 1996 programu hiyo ilifungwa, kwa sababu mafuta yale yalipatikana kwa gharama kubwa mno kuliko ya kuchimbwa ardhini.

Bei zilipopanda tena katika miaka ya 2000, ahadi ikafufuka. Mwaka 2009 kampuni ya ExxonMobil ilitangaza kuwa ingetumia hadi dola milioni 600 katika utafiti wa mwani. Mwaka 2018 ilitaja lengo la kuwa na uwezo wa kuzalisha mapipa 10,000 kwa siku ifikapo 2025. Mwanzoni mwa mwaka 2023 ikajitoa, na lengo lile likabaki kwenye matangazo.

Ugumu uko wapi? Kwanza, mwani ni kidogo sana ndani ya maji. Lita elfu moja za maji ya bwawa la wazi hutoa kilo moja au pungufu ya mwani mkavu, na ni sehemu tu ya kilo hiyo iliyo mafuta. Kuyatoa maji hayo yote na kuukausha mwani kunakula nishati, na mara nyingine nishati inayotumika inakaribia ile inayopatikana. Pili, kiumbe huyu ana tabia ya ajabu. Ukimpa mbolea ya kutosha hukua haraka lakini hutengeneza mafuta kidogo. Ukimnyima mbolea hutengeneza mafuta mengi lakini haendelei kukua. Wataalamu wamehangaika na fumbo hilo kwa miaka zaidi ya arobaini. Tatu, ni hilo la jua. Jua linalokuza mwani ndilo linalonyonya bwawa. Ukitumia maji ya chumvi, maji hupaa na chumvi hubaki, na kadiri chumvi inavyozidi huna budi kuongeza maji matamu ili mwani usife. Kwa hiyo ule usemi kwamba mwani hauhitaji maji matamu, katika nchi kame kama Kongwa, una ukweli nusu. Na mbolea yake ni ile ile ambayo mkulima wa mahindi anayepeleka magunia yake Kibaigwa anahangaika kuinunua. Haiwezi kusemwa kwa uhakika kwamba haugombani na chakula.

Hata hivyo tuwe waadilifu. Kampuni kubwa iliyotafiti na kushindwa kwa fedha zake, katika maabara na mabwawa yake, haikumdhulumu mwanakijiji. Kutafiti na kukosa si dhambi. Mtu aliyechimba kisima kwake akakuta mwamba amepata hasara tu. Dhambi huanza pale anapochimba kwa jirani, akampa jirani sehemu ndogo ya faida na sehemu kubwa ya hasara, tena bila jirani kujua kwamba amekubali.

TUNDA AMBALO HALIJAIVA

Hapa Sharia ya Kiislamu ina neno la wazi. Katika Hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim, iliyopokelewa na Anas (R.A.), Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza matunda ya mtende kabla hayajaonesha kuiva. Akatoa sababu kwa njia ya swali: iwapo Allah atalizuia tunda, mwenye kupokea fedha atakuwa amekula mali ya ndugu yake kwa haki gani? Wanazuoni wanaiita hali hiyo gharar, yaani biashara iliyojengwa juu ya kitu kisichojulikana kama kitakuwepo. Gharar si lazima iwe na uongo ndani yake. Muuzaji anaweza kuwa mkweli kabisa, anaiamini mitende yake kwa moyo wote, na bado biashara ikawa haifai kwa kuwa anauza matumaini kwa bei ya kitu kilichopo.

Angalia basi. Mwanakijiji anatoa ardhi, na ardhi ipo leo. Anapewa kazi, zahanati, kisima na barabara, ambavyo vyote vitatoka katika faida ya mafuta ambayo bado hayajakamuliwa. Huku kuna kitu kilichopo na huku kuna tunda ambalo halijaiva. Je, ile hoja ya Mtume (S.A.W.) haiingii hapa?

Atatokea wa kusema kwamba dunia haiwezi kwenda bila kuuza kitu cha kesho. Ni kweli, na Uislamu haukufunga mlango huo. Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina aliwakuta watu wakilipia matunda mwaka mmoja au miwili kabla. Hakuwakataza. Aliwawekea masharti: kipimo kijulikane, uzito ujulikane, na muda ujulikane. Hiyo ndiyo salam, na katika salam mnunuzi hutoa thamani yote mwanzoni, ili mkulima asibaki na ahadi mbili mkononi, ya mvua na ya mnunuzi. Ipo pia kanuni iliyotokana na Hadithi ya Bibi Aisha (R.A.) kwamba pato la kitu humfuata yule anayebeba dhamana yake. Anayetaka faida abebe hatari. Kwa mizani hiyo, mkataba unaompa mgeni faida na kumwachia mwenyeji hatari umepinda hata kama umepigwa mihuri yote ya serikali.

ARDHI TUPU NI IPI?

Hoja inayotangulia kila mradi wa aina hii ni kwamba ardhi yenyewe ni tupu, haitumiki. Ilisemwa Kongwa mwaka 1947. Ilisemwa tena miaka ya 2000 ilipokuja mibono, ambayo nayo tuliambiwa inaota penye ukame na haigombani na chakula. Kule Kisarawe kampuni ya Kiingereza ya Sun Biofuels ilipewa zaidi ya hekta 8,000 zilizotoka katika vijiji 11. Mwaka 2011 kazi ilisimama na mamia ya vibarua wakarudi majumbani. Wanavijiji walilalamika kuwa fidia ilikuwa ndogo, visima na huduma walizotarajia hawakuziona, na baadhi walizuiwa kufika kwenye makaburi ya wazee wao na kwenye maji. Kule Kilwa kampuni ya Kiholanzi ya Bioshape, iliyokuja kwa mibono hiyo hiyo, nayo ilifilisika.

Tusidhani kwamba Kisarawe walirudishiwa ardhi siku kampuni ilipoanguka. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji ikitakiwa kwa mwekezaji wa nje huhamishwa kwanza kuwa ardhi ya jumla. Ikishahamishwa, mwekezaji akishindwa hairudi yenyewe kijijini. Inabaki kwenye mikono ya serikali ikisubiri mwekezaji mwingine. Yale ya ranchi ya Kongwa yalifanywa na mkoloni. Haya tumeyaandika wenyewe.

Sasa tulinganishe na fiqhi. Uislamu unaijua ardhi iliyokufa, mawat, na Mtume (S.A.W.) amempa haki yule anayeihuisha. Wawekezaji wangependa kuisikia Hadithi hiyo. Lakini mafaqihi walieleza ni ardhi ipi isiyohesabiwa kuwa mawat: malisho ya kijiji, mahali pa kukata kuni, njia za mifugo, kando ya visima, na makaburi. Hiyo ni harimu ya kijiji, imefungamana na uhai wa watu wake hata kama haina jembe wala uzio. Kwa tafsiri hiyo, nyika kubwa ya Kongwa ambayo ramani inaiita tupu ni ardhi hai. Ng'ombe na mbuzi wanapita humo, mibuyu inatoa matunda na majani ya mboga, na mwaka wa njaa ndiyo ghala la mwisho la maskini.

Na huyo aliyepewa ardhi akashindwa kuitumia je? Inapokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alimpa sahaba Bilal bin Harith Al-Muzani eneo kubwa la bonde la Al-Aqiq. Ulipofika ukhalifa wa Umar (R.A.), khalifa alimwita akamwambia abaki na kile anachoweza kukihudumia na arudishe kilichobaki kigawiwe Waislamu. Tazama, mpaji alikuwa Mtume mwenyewe, aliyepewa alikuwa sahaba, na bado ardhi isiyotumika ilirudi kwa watu. Sisi ambao mpaji wetu ni ofisi na mpewa ni kampuni, tumepata wapi kanuni kwamba ardhi ikitoka kijijini haina njia ya kurudi?

MAJI, MALISHO NA MOTO

Iko Hadithi nyingine, kwa Abu Daud, inayosema kwamba watu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Ukiutafakari mradi wa mafuta ya mwani katika nchi ya wafugaji, utaona kwamba unagusa vyote vitatu kwa pamoja. Unataka maji ya kujaza mabwawa, unataka malisho ya kuchimbia mabwawa hayo, na unachozalisha ni moto, yaani nishati.

Mtu mwenye elimu ya fiqhi anaweza kupinga, na hoja yake ina nguvu. Atasema wanazuoni wameifasiri Hadithi hiyo kwa maji ya mito, majani ya nyika na kuni za porini, vitu ambavyo hakuna aliyevitolea jasho. Aliyeteka maji akayatia mtungini ameyamiliki, na aliyekamua mafuta kwa mashine yake ni yake vile vile. Tunakubali. Hakuna anayedai kwamba dizeli ya mtu igawiwe bure barabarani. Tunachosema ni kwamba kabla ya kuwa dizeli ilikuwa maji na malisho, na hapo mwanzo washirika walikuwepo. Mshirika haondolewi kwenye ushirika bila ridhaa yake kisha akaambiwa mali iliyopatikana haimhusu.

Umar (R.A.) alitufundisha pia ni nani wa kutangulizwa vitu hivi vinapokuwa haba. Imo katika Sahihi Bukhari kwamba alimpa mtumishi wake Hunayy usimamizi wa malisho ya hifadhi, akamwagiza awaruhusu wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya matajiri kama Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan (R.A.). Hakuwa na chuki na masahaba wale watukufu. Sababu yake ilikuwa kwamba mifugo yao ikifa, wao wana mitende na mashamba ya kurudia, lakini maskini mifugo yake ikifa atakuja mlangoni kwa khalifa na watoto wake wakilia. Hapo pana kipimo kizima cha suala letu. Bwawa la mwani likikauka, mwekezaji ana kwao pa kurudia. Lambo likikauka, Mgogo mwenye ng'ombe watano arudi wapi?

TUKATAE BASI?

Wapo watakaosema kuwa maneno haya ni ya kuwakatisha watu tamaa, kwamba tukiogopa kila kitu tutabaki maskini, na kwamba dunia inahitaji mafuta yasiyochafua hewa. Hoja hizo si za kupuuzwa. Ukame unaozidi kuisumbua Dodoma unachochewa na joto la dunia, na joto hilo limetokana kwa sehemu kubwa na mafuta ambayo Mgogo hakuyachoma. Anayetafuta njia nyingine anafanya kazi ya maana. Wala Qur'an haitufundishi kuogopa elimu. Katika Surat Yasin (36:80) Allah (S.W.) anatukumbusha kwamba ni Yeye aliyetujaalia moto kutoka kwenye mti wa kijani. Na katika Surat Al-Waqi'ah (56:63-73) anatuuliza juu ya mazao tunayopanda, kisha maji tunayokunywa, kisha moto tunaouwasha, ni sisi tuliovianzisha au ni Yeye. Mwislamu anayetafiti namna ya kupata moto katika kitu cha kijani yuko ndani ya aya hizo. Lakini aya zinamtaka ajue kwamba mazao, maji na moto ni amana, na amana ina masharti.

Kwa hiyo jibu letu ni masharti, nayo yanatosha manne. Kwanza, ardhi ikodishwe, isihamishwe. Ibaki ya kijiji, muda uwe mfupi, na siku mradi utakaposimama irudi bila kesi. Pili, mwenye ahadi aweke dhamana ya fedha kabla ya kuchimba, itakayotosha kufukia mabwawa na kulipa vibarua akishindwa. Kama anauamini mradi wake, dhamana haitamuumiza. Kama anakataa kuweka, ametujibu. Tatu, maji yapimwe kwanza na mpangilio uandikwe: watu, kisha mifugo, kisha mashamba, na bwawa la mwani liwe la mwisho. Nne, kila kilichoahidiwa kiandikwe kwa kipimo na tarehe kama salam inavyotaka. Kisima kimoja chenye tarehe kina thamani kuliko maendeleo yasiyo na siku.

Na yote hayo yaandikwe kwa Kiswahili na yasomwe kwa sauti katika mkutano mkuu wa kijiji. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an (2:282) inahusu kuandikiana, na inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu, na asiyeweza kusimamia maandishi asimamiwe na mtu mwadilifu anayemtetea. Ni wangapi wametia dole gumba kwenye mkataba wa Kiingereza ambao hata mwenyekiti wa kijiji hakuuelewa? Hapa tusiilaumu serikali peke yake. Vijana wetu waliosoma sheria, kilimo na uhasibu wapo, lakini ni mara ngapi misikiti yetu imewaomba wakae na wazee siku moja wausome mkataba? Tunachangishana kwa ajili ya zulia na vipaza sauti. Kumtetea mnyonge asile hasara ya tajiri nako ni ibada.

Katika Surat Al-Qalam (68:17-33) wanatajwa wenye shamba waliokula kiapo kwamba watavuna asubuhi, hawakusema Insha'Allah, na wakanong'onezana asiingie kwao maskini yeyote siku hiyo. Walipofika walikuta shamba limekwisha. Wanazuoni wameyaona humo makosa mawili yaliyokwenda pamoja: kuwa na uhakika wa mavuno kuliko inavyomfaa mja, na kumtoa maskini kwenye hesabu. Mradi wa Kongwa ulikuwa na yote mawili. Mwani unaweza kufanikiwa siku moja, ilmu ya hilo iko kwa Allah. Lakini mpaka tunda lionekane limeiva, mwenye ardhi asiambiwe alipe kwa niaba ya mwenye ahadi.

Tunamuomba Allah (S.W.) aijaalie nchi yetu mvua yenye manufaa, awape viongozi wetu hofu ya dua ya aliyedhulumiwa, na atupe sisi ujasiri wa kuuliza kabla ya kutia saini. Wallahu a'alam.